Antene ya tele nyumbani: tupime kwanza, tununue kiisha

(Maneno tuliyosema mbele ya memba kwenye mkutano wa mwezi, Ndosho. Komite iliomba tuyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Tumeyaacha karibu vile tulivyoyasema, na maulizo machache ya watu tumeyatia mwishoni.)

Tunajua kuna waliotoka mbali, kuna hata aliyepanda piki-piki toka Sake asubuhi na matope yote haya, kwa hiyo hatutazunguka.

Komite ilituita juu ya neno moja. Kwenye mkutano uliopita kulikuwa maombi ya mkopo kwa kese, na kati ya hayo maombi matatu yalikuwa ya tele, dekoderi na antene. Mama mmoja akasimama, akasema: "Tele haikuliwi. Kese ni ya mbegu na ya mabati." Kijana mmoja akamujibu kwa heshima kwamba yeye kila usiku wa mupira anatoa franga kwa nyumba ya video, wadogo zake wanamufuata, na wanarudi saa nne ya usiku kwa barabara ambayo kila mutu hapa anajua iko namna gani. Mama ana haki, na kijana ana haki. Sisi watu wa tereni hatukuja kuamua kati yao. Tulikuja kuwaambia kwamba antene ni kitu ambacho mutu anaweza kupima kwake kabla ya kutoa hata franga moja, na karibu hakuna anayepima.

Tuanze na nyumba moja. Mwenyewe ni memba, ametupa ruhusa tuseme habari yake bila jina. Alitoka kambi ya Bulengo mwanzo wa 2025 kama wengi wenu, akakuta kuta za mbao zimesimama lakini mabati yameenda, mlango umeenda. Akajenga pole pole. Alipopata kazi ya kubeba mchanga, akatia franga kando miezi sita, akanunua tele ya okazioni ya inchi 24. Kiisha akashuka Birere kutafuta antene. Akauziwa ile ya kisasa: ina telekomande, ina mota ya kuizungusha, ina taa nyekundu, na kwenye karto wameandika 4K na kilometa nyingi ambazo hatutaki hata kuzitaja. Akaifunga ndani ya nyumba, juu ya kabati, chini ya mabati mapya. Hakuna picha. Akarudi, wakamuambia anahitaji ampli. Akanunua ampli. Hakuna picha. Mara ya tatu akarudi na dekoderi, na ile dekoderi, tulipoifungua, ilikuwa ya sahani, ya setelaiti. Hiyo na antene ya kawaida hazisikilizani hata siku moja.

Tulipofika kwake tulikuwa na bomba mbili za aluminiumu, kable ya metre 12, mti wa mianzi, na tele yetu ndogo ya kujaribia. Tukasimamisha mianzi nje, tukapitisha juu ya mabati, tukaelekeza upande wa ziwa, kule Mont Goma. Nusu saa baadaye watoto walikuwa wamekaa chini wanaangalia. Mzee alifurahi, kiisha akanyamaza. Akauliza: "Sasa zile dolari zangu?" Hatukuwa na jibu. Juu ya ile swali njo tuko hapa leo.

Turudi nyuma kidogo tuone ilikuwaje.

Mawimbi ya tele yanatoka kwenye mnara na yanaenda karibu kama mwangaza wa tochi. Yanapenda njia iliyonyooka. Yanaweza kupinda kidogo, yanaweza kupiga ukuta na kurudi, lakini kilima kikiwa katikati, nyuma ya kilima kunakuwa kivuli. Hapa mjini minara mingi tunaiona kwa macho yetu juu ya Mont Goma, kile kilima karibu na bandari. Kama unasimama juu ya paa lako na unaona Mont Goma, uko na bahati kubwa kuliko mutu mwenye antene ya dolari mia. Kama huioni kwa sababu ya nyumba ya jirani au miti, panda metre mbili zaidi. Kama huioni kwa sababu ya kilima, hapo mambo yanabadilika, tutayasema.

Adui wa pili tunaishi chini yake: mabati. Bati linarudisha mawimbi kama vile linarudisha mvua. Antene iliyo ndani ya nyumba ya mabati ni kama mutu aliyejifunika bashi kichwani na anauliza kwa nini haoni. Yule mzee wetu, kosa lake la kwanza lilikuwa hilo tu. Ile antene ya telekomande tulipoipandisha nje ilishika pia, hata kama haikuwa nzuri kuliko bomba zetu mbili.

Na ampli? Ampli inaongeza kile kilichoingia. Kama kilichoingia ni picha pamoja na fujo, inaongeza vyote viwili. Kama hakuna kilichoingia, inaongeza fujo peke yake. Ampli ina kazi pale ambapo antene imeshika vizuri huko juu lakini kable ni ndefu sana, au unagawa kwa tele tatu. Hapo unaiweka juu karibu na antene. Ukiiweka chini nyuma ya tele, imechelewa, picha imekwisha kupotea njiani.

Sasa sehemu ya dekoderi, ambayo inawala watu wengi zaidi.

Kuna namna mbili za kurusha picha. Ya zamani ni analogi: ikiwa dhaifu, unaona picha yenye mchanga-mchanga, lakini unaona. Mpya ni ya tarakimu, ile tunayoita TNT: inakuja safi kabisa, au inakatika vipande vipande, au haiji. Katikati hakuna. Nchi nyingi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba analogi ya UHF haitalindwa tena baada ya tarehe 17 juni 2015. Tanzania ilianza kuzima Dar es Salaam tarehe 31 desemba 2012, Rwanda ikamaliza 2014, Kenya na Uganda 2015. Kwetu Kongo ile tarehe ilipita na analogi ikaendelea katika miji mingi. Kwa hiyo hapa mutu asikuambie "analogi imekufa", na asikuambie pia "TNT haitufikii". Uliza jirani anaona nini, kiisha tafuta mwenyewe.

Nchi za SADC, na Kongo ni moja yao, zilichagua aina inayoitwa DVB-T2. Hizo herufi ndizo za kutafuta kwenye karatasi iliyo nyuma ya tele, au kwenye karto. Ukiona DVB-T2, tele yako inapokea TNT yenyewe, huna haja ya dekoderi. Ukiona DVB-T peke yake, bila ile 2, haitoshi. Tele nyingi za okazioni zinazotoka Ulaya ziko hivyo, kwa sababu Ufaransa kwa mfano iliendelea miaka mingi na DVB-T ya kwanza. Muuzaji atakuambia "hii ni TNT, angalia, imeandikwa", na hasemi uongo, ila ni TNT ya kule. Hapo unahitaji kadekoderi kadogo ka DVB-T2. Na ukiona DVB-S au S2, S ni ya setelaiti, ni ya sahani. Yule mzee angejua herufi moja tu angebaki na dolari zake.

Neno lingine. Dekoderi ya kulipia, mwezi ukiisha na hukulipa, picha inafungwa. Hiyo si antene kuharibika. Tulikuta mama mmoja huku Keshero amekwisha kumulipa fundi mara mbili apande juu ya nyumba, na tatizo lilikuwa abonema. Kama kwenye skrini kumeandikwa kwamba chaneli imefungwa au unaombwa karte, ujue mawimbi yamefika, mlango tu ndio umefungwa. Fundi hana kazi hapo.

Chaneli gani utaona bure? Hapo hatutawapa orodha, kwa sababu orodha ya Katindo si ya Mugunga, na mashine inaweza kunyamaza wiki mbili juu ya mafuta au juu ya kipande kilichoungua. RTNC watu wengi ndiyo wanatafuta kwanza. Kiisha kuna za hapa mjini. Na kwa wale walio karibu na mpaka, skani inaweza kuleta televizio ya Rwanda pia. Mawimbi hayapangi mstari Grande Barrière na hayaombwi jeton.

Tuchague antene namna gani?

Antene haijui rangi, haijui 4K, haijui HD. Haya maneno kwenye karto ni ya kuuza. Antene inajua urefu tu. Kila mawimbi yana urefu wake, na antene nzuri inafanana na ule urefu. Waliosoma kidogo fizike watakumbuka: unagawa 300 kwa namba ya megaherzi, unapata urefu wa wimbi kwa metre. Kiisha unachukua nusu, na unapunguza kidogo, kama sehemu tano kwa mia.

Tupige hesabu pamoja. Mawimbi ya VHF ya tele yanaanzia 174 mpaka 230. Tuchukue 200. 300 gawa kwa 200 ni metre moja na nusu. Nusu yake ni sentimetre 75. Punguza kidogo, 71. Kwa hiyo bomba mbili za sentimetre 35, kila moja upande wake, na nafasi ndogo katikati. Waya wa katikati wa kable unafunga kwa bomba moja, nyuzi za nje za kable kwa bomba nyingine. Hiyo ni antene. Kwa UHF, tuseme 500: wimbi ni sentimetre 60, nusu ni 30, punguza, inabaki kama 28. Bomba mbili za 14. Vile vipande tulivyopeleka kwa mzee vilitoka kwa dirisha la zamani la aluminiumu.

Ile antene yenye miiba mingi kama mifupa ya samaki ni watoto wa kazi ya wajapani wawili, Uda na Yagi, mwaka 1926. Mwiba mrefu ulio nyuma unarudisha mawimbi, yale mafupi ya mbele yanayakusanya. Watu wengi tunaona wameifunga ikitazama nyuma. Upande wa miiba mifupi njo unatazama mnara. Kama uko mbali, Keshero juu au Mugunga, hii ndiyo tunashauri, ya nje, ya kawaida, bila mota na bila taa. Kama uko katikati ya mji na unaona Mont Goma, bomba mbili zinaweza kukutosha.

Kuna kitu kimoja watu wanasahau: kulala au kusimama. Minara mingine inarusha mawimbi yaliyolala, mingine yaliyosimama, na antene lazima ifuate. Huna haja ya kitabu. Tembea kwa avenue yako, inua macho, angalia antene za majirani ambao wanaona vizuri: zinatazama wapi, zimelala au zimesimama, ziko juu kiasi gani. Paa za majirani ni karte ambayo haiuzwi. Sisi tunafanya hivyo kwanza kila fasi tunapofika.

Tukiwa na dolari kumi za kutumia, tunapenda saba ziende kwa kable na kwa mti wa kupandishia, tatu kwa antene. Kable iwe ile ya duara ya tele, ya ohm 75, mara mingi imeandikwa RG-6. Waya wa umeme wa nyumba haufai, hata kama fundi anasema "ni shaba ile ile". Chukua metre unazohitaji na moja ya ziada. Usizungushe metre 20 nyuma ya kabati. Usiunge katikati kwa kusokota. Na kwa huku kwetu, funga vizuri pale kable inapoingia kwa antene. Volkano ikitoa moshi, mvua inashuka na asidi. Watu wa Rusayo mnaona bati jipya linavyokuwa jekundu mapema. Fishi ya antene inaoza vile vile. Chukua mpira wa ndani wa piki-piki, kata ukanda, zungushia kwa nguvu. Kiisha acha kable ishuke kidogo kama tumbo kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondoke hapo chini yasifuate kable mpaka kwa tele.

Kufunga ni kazi ya watu wawili. Mmoja nje anazungusha, mmoja ndani anaangalia. Kwa analogi ungeweza kuzungusha haraka na mutu wa ndani anapiga kelele "hapo hapo!" Kwa TNT usifanye haraka. Zungusha kidogo, ngoja, hesabu mpaka kumi, kwa sababu tele inachukua muda kutambua. Kwenye menyu utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Wengi wanafukuza nguvu. Fukuza ubora. Tumeona nyumba yenye nguvu 90 na picha inakatika, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanapiga bati la jirani na kurudi; tukasogeza mti metre moja na nusu kushoto, nguvu ikashuka, picha ikatulia.

Mti wenyewe, huku juu ya mawe ya volkano hamuchimbi shimo, tunajua. Funga kwa nguzo ya nyumba, fasi mbili, juu na chini, si kwa bati na si kwa ubao mmoja wa ukuta. Upepo wa ziwa ukija saa kumi na moja unang'oa. Weka waya tatu za kuvuta, kila moja upande wake.

Sasa tunaomba vijana mule nyuma munyamaze kidogo, maana hapa tunaingia kwa sehemu iliyotuleta kweli.

Mwaka 2016 wanasayansi walitoa hesabu ya radi duniani, waliyoikusanya miaka mingi kwa setelaiti ya NASA. Fasi ya kwanza duniani ni ziwa la Maracaibo, Venezuela. Ya pili duniani, ya kwanza Afrika, ni Kabare, hapo ng'ambo ya ziwa letu: mimulimuli kama 205 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Ya tano duniani ni Sake. Sake hii hii, ambako wengine wenu mmerudi kulima: kama 143. Na Butembo iko ndani ya kumi za kwanza. Kwa hiyo sisi tunaosimamisha chuma juu ya nyumba, tunaisimamisha katika moja ya fasi zinazopigwa na radi kuliko karibu fasi zote za dunia.

Mwaka jana, kwenye kijiji kimoja tunamofanyia kazi, radi ilipiga mti karibu na nyumba. Haikupiga antene yenyewe. Ilipita kwa kable, ikaunguza tele, batri, na kipande cha ukuta. Mtoto wa miaka saba alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya ile tele, na mama yake alikuwa amemuita dakika chache mbele achukue sahani. Tulifika kesho yake. Mkeka ulikuwa na tundu. Ule mama hakutuuliza juu ya tele.

Kwa hiyo fanya hivi. Mawingu yakijikusanya, kabla ya radi kukaribia, chomoa kable ya antene kwa tele na uitoe nje kwa dirisha, isibaki ndani. Chomoa na umeme pia. Si wakati inapiga: wakati huo usiguse kable kabisa, iache tele iungue. Ukitoka kwenda shamba asubuhi, chomoa kabla hujatoka, maana radi itakuja saa nane na wewe uko mbali na watoto wako peke yao. Fundisha mtoto mkubwa. Weka kable fasi ambayo mukono unaifikia, usiifunge nyuma ya kabati zito.

Waya wa ardhi, mti ukiwa wa chuma, ni lazima. Vitabu vinasema upige chuma cha metre moja na nusu au mbili ndani ya udongo. Huku kwetu, ukipiga nyundo, sentimetre ishirini umekuta jiwe la 2002, na jiwe kavu la volkano halipitishi umeme vizuri. Sisi tunafanya hivi: tunatafuta fasi yenye udongo na unyevu, pembeni ya bafu au ambako maji ya paa yanaangukia, tunachimba mfereji mrefu usio wa kina, metre nne tano, tunalaza waya wa shaba usio na ngozi, tunafunika na udongo na majivu. Inasaidia kupunguza umeme unaojikusanya kwenye mti. Radi ikipiga moja kwa moja, haitakuokoa. Tunasema wazi ili mutu asije akaamini waya na akaacha kuchomoa. Mwenye kutumia mianzi anapunguza chuma, lakini kable bado ni chuma.

Na nyaya za umeme za barabarani, ziwe za SNEL au za Virunga Energies: pima mti wako, ongeza nusu yake, na huo ndio umbali wa chini. Mti wa metre sita ukae metre tisa toka waya. Mti ukianguka, hauchagui upande. Usiusimamishe peke yako, usiusimamishe na watoto chini, na usiusimamishe mvua ikiwa imeanza.

Tuliuliza kama kuna maulizo.

Papa mmoja wa Sake aliuliza: "Na mimi niliye kati ya vilima?" Tulimujibu: papa, kwako uwezekano ni mdogo. Kilometa 25 si shida, vilima ndio shida. Panda juu ya kile kilima cha nyuma ya shamba na kifaa cha kujaribia. Kama kule juu hakuna, nyumbani hakutakuwa, usitoe hata dolari moja kwa antene. Kama unataka tele kabisa, njia yako ni sahani, na hiyo ni hesabu nyingine.

Kijana mmoja aliuliza juu ya batri. Tele ndogo ya volti 12 inakula kama wati 25. Saa nne kila jioni ni wati-saa 100. Batri ya ampere-saa 20 ina 240, na usiimalize kupita nusu kama unataka ikae. Inatosha, kwa shida. Kuchaji simu za avenue nzima juu yake, haitoshi.

Kiisha yule mama wa mkutano uliopita alisimama tena. Akauliza: "Mnasema habari. Usiku volkano ilipotuhamisha, tele ilimusaidia nani?" Tulicheka, lakini alikuwa anasema kweli. Tarehe 27 mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi alipotangaza alfajiri kwamba kartiye 10 za Goma zihame, sisi wenyewe hatukuwa na umeme nyumbani. Tuliambiwa na jirani aliyekuwa na radio ya mawe mawili. Tukaenda kwa miguu mpaka Sake na godoro kichwani. Kwa hiyo mama, tunakubali: nyumba isiyo na radio ya batri inunue radio kwanza, bei yake ni ndogo kuliko fishi na kable. Tele inakuja nyuma yake. Mama akasema "Basi mumeandike hivyo," tumeandika.

Mwisho tuliweka ombi mbele ya komite, na memba walilipokea kwa kuinua mikono, na huyo mama naye aliinua. Kese haitoi tena mkopo wa tele au antene kabla ya kupima kwa nyumba ya mwenye kuomba. Mutuelle itakuwa na kifaa kimoja cha kuazima: tele ndogo yenye DVB-T2, batri, kable ya metre 15, bomba za VHF na za UHF, na antene moja ya miiba. Tele na batri sisi tunazitoa kwa zile za ofisi yetu ambazo hazitumiki. Vijana wawili, mmoja wa Ndosho na mmoja wa Mugunga, watatembea nasi Jumamosi mbili za kwanza, kiisha watafanya peke yao. Kupima ni bure. Kama hakuna picha, wanaandika "hakuna" kwenye daftari pamoja na jina la avenue, ili jirani asirudie kosa. Yule mzee wa Bulengo amesema ile ampli yake tuichukue pia tuione kama inaweza kuuzwa tena.

Tunaanza Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, kabla ya mawingu, kwa avenue ya nyuma ya shule. Majina yanaandikwa kwa sekretere. Kinachokosa mpaka sasa ni mti: aliye na mianzi mirefu, ya metre tano au zaidi na iliyonyooka, ailete kwa chukudu, mutuelle italipa mbebaji.